Kununua foklifti ya trekta iliyotumika: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Kilimo kinapopanuka katika kaunti za Migori na Homa Bay, kazi ya kubeba mizigo nayo inaongezeka. Mpunga unatoka mashamba ya unyunyizaji ya Lower Kuja kule Nyatike, mazao mengine yanatoka Kimira-Oluch, na mbolea hufika kwa magunia ya kilo 50 ambayo bado hupakuliwa kwa mabega. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima na vyama vya ushirika wameanza kuulizia foklifti ya kufungwa nyuma ya trekta. Ni mlingoti wa chuma wenye mnyororo, silinda ya haidroliki na foki mbili, unaoning'inia kwenye mikono mitatu ile ile inayobeba plau.

Kifaa kipya ni ghali, kwa hivyo wengi hutafuta kilichotumika. Hakuna ubaya. Ila plau mbovu itaharibu siku ya kulima tu, ilhali foklifti mbovu inaweza kumwangushia mtu tani nzima. Ieleweke pia kwamba kwa mkulima wa miwa wa Awendo au Ndhiwa kifaa hiki hakina kazi kubwa, kwa kuwa miwa haipangwi kwenye paleti. Mwenye magunia, kreti au mapipa ndiye atakayeona faida.

Kwanza trekta yenyewe

Kosa la kawaida ni kuangalia foklifti na kusahau trekta itakayoibeba. Mfumo wa mikono mitatu, uliobuniwa na Harry Ferguson katika karne iliyopita, ulilenga hasa plau iliyo ndani ya udongo. Mzigo ulioinuliwa hewani nyuma ya magurudumu ni jambo tofauti, kwa sababu unaifanya trekta iwe kama mizani ya sokoni, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo.

Tuchukue mfano. Trekta ina kilo 2,600, na kati ya hizo kilo 1,000 zinakaliwa na ekseli ya mbele. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.2. Foklifti ina kilo 350, na uzito wake uko mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Paleti ikishapakiwa, katikati ya mzigo huwa mita 1.7 nyuma ya ekseli hiyo. Magunia 20 ya mbolea ni kilo 1,000. Ukipiga hesabu, magurudumu ya mbele yanabaki na kilo 52 pekee. Dereva anazungusha usukani na trekta haigeuki. Tuta dogo tu linatosha kuinua pua yake.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ekseli ya mbele isibaki na chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta, yaani kilo 520 katika mfano huu. Kwa kanuni hiyo, trekta yetu inabeba magunia saba tu. Ikifungwa vyuma vya uzito vya kilo 200 mbele, sentimita 60 kutoka ekseli, itabeba magunia 14. Kwa hivyo bei ya vyuma hivyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Anayeuza foklifti huku akisema "inabeba tani moja" huenda anasema kweli kuhusu foklifti. Hajasema lolote kuhusu trekta ya mnunuzi.

Pini na mafuta

Trekta ndogo hutumia pini za chini za milimita 22, na kubwa zaidi hutumia za milimita 28. Njia rahisi ya kupima shambani ni spana namba 22: pini ikiingia vizuri kati ya meno yake, ni ya ukubwa mdogo. Pini ndogo katika tundu kubwa huwekewa bushi. Pini kubwa katika tundu dogo haiingii, na fundi atakayependekeza kuinoa iwe nyembamba afadhali ashukuriwe na kuachwa aende zake.

Mlingoti unahitaji mafuta ya haidroliki kutoka kwa trekta. Kama foki zinapanda na kushuka tu, tundu moja linatosha, lile lile linalotumika kwa trela ya kumwaga, kwani zinashushwa na uzito wake wenyewe. Ikiwa zinainama au kusogea kando, kila mwendo wa ziada unahitaji paipu mbili na mkono wake wa kuendeshea. Trekta nyingi kuukuu hazina mikono hiyo, na kuiongeza ni gharama nyingine.

Ukaguzi wa chuma

Rangi mpya isimdanganye mtu. Chombo kilichopakwa rangi juzi huficha nyufa, kwa hivyo mnunuzi aombe ruhusa ya kukwangua kidogo pale foki inapopinda, ambapo nguvu yote hukutana. Sehemu hiyo ioshwe kwa mafuta ya taa, ipanguswe, kisha ipakwe unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatokea kama mstari mweusi.

Unene wa foki upimwe katika kona hiyo na ulinganishwe na sehemu ya wima isiyosugua sakafu. Foki ya milimita 40 ikibaki na 36, imeisha. Mtu ataona milimita nne ni kidogo, lakini foki iliyopungua unene kwa asilimia 10 hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Foki iliyowahi kuchomelewa ikataliwe kabisa, kwa kuwa moto huharibu ugumu wa chuma chake.

Mnyororo nao huvutika. Kipande kilichokuwa mita moja kikifika mita 1.03 ni cha kubadilishwa, na kama ipo miwili ibadilishwe yote pamoja.

Baada ya hapo foki ziinuliwe zikiwa na mzigo unaojulikana uzito, mlingoti uwekwe alama ya chaki, injini izimwe na watu wasubiri dakika kumi. Mtu asisimame chini. Foki zikishuka waziwazi, sili za silinda au vali zimechoka. Paipu inayovuja isipapaswe kwa mkono, kwa sababu mafuta yenye presha hupenya ngozi. Kipande cha katoni kinatosha kuonyesha yanakotokea.

Jaribio hili lifanywe kwa trekta ya mnunuzi ikiwezekana. Kwenye mteremko, dereva apande kinyumenyume ili mzigo uwe upande wa juu, foki zikiwa karibu na ardhi.

Karatasi

Trekta ina namba ya usajili inayoanza na KT na ina logibuku. Foklifti haina. Kwa hivyo wizi na madeni hujificha kwa urahisi. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika kutumiwa kama dhamana, ipo sajili ya kielektroniki chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara ambamo yeyote anaweza kutafuta kama mali imewekwa rehani kwa benki au sako. Ukaguzi huo ufanywe kwa jina la muuzaji kabla ya malipo.

Makubaliano yaandikwe: namba ya kifaa kutoka kwenye kibao chake, uwezo wake kwa kilo, hali yake, bei, na majina ya mashahidi. Kibao kikiwa kimeng'olewa, mnunuzi aulize kwa nini. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimlindi sana aliyekikagua kifaa mwenyewe na kukosa kuona kasoro iliyokuwa wazi, kwa hivyo nauli na ada ya makanika wa kuandamana naye ni pesa iliyotumika vizuri.

Shamba au ghala lililoajiri watu ni mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mashine ya kuinua mizigo inatakiwa kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa. Vyama vya ushirika viulize ofisi ya usalama kazini kuhusu wakaguzi hao kabla ya kifaa kuanza kazi, na pesa za amana zisitumwe kwa simu kwa kifaa ambacho hakuna mwanachama aliyekiona.