HODI: MPAKA WA MTU NA MLANGO WAKE

Somo letu ni katika mas-ala ya istiidhani, yaani kubisha hodi na kutaka idhini. Sababu yake ni maneno yasemwayo sana katika mitaa yetu ya Eastlands. Wazee husema: "Vijana wa leo hawajui mpaka." Vijana hujibu: "Nanyi mlivunja sheria zamani zenu, na leo mwatuingilia mambo yetu." Yatupasa kuyapima haya kwa mizani ya dini, si kwa hasira.

Asili ya hukumu

Katika Surat Nnur Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, turudi. Katika Aya ya 58 ya Sura hiyo zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe hutaka idhini: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Na katika Hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemchungulia kwa tundu, akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi haiwi haramu miguu tu kuingia. Jicho nalo huingia.

Wazee wetu

Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba zake zilijengwa kwa namna ya nyumba za Waswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba na mpangaji wake. Pazia ndilo lililokuwa mlango, na hodi ndiyo kufuli. Mwenye adabu hakuinua pazia la mwenziwe, na aliyoyasikia usiku hakuyasema asubuhi.

Lakini wazee hao walivunja sheria pia. Walikwepa kipande, ambacho Waafrika wanaume walilazimishwa kukichukua tangu 1920. Waliwalaza ndugu zao vyumbani bila ruhusa ya Manispaa, na askari wakaja usiku kuwasaka, wala hawakubisha hodi. Na tarehe 24 Aprili 1954 Serikali ya Kikoloni ilianza msako ulioitwa Anvil. Watu kwa maelfu wakatolewa majumbani na kutiwa vizuizini.

Kijana asiyafanye haya kuwa hoja. Kumpa ndugu malazi si sawa na kumchungulia jirani. Mzee yule alivunja amri iliyomdhulumu mtu. Anayechungulia humdhulumu mtu mwenyewe.

Hali ya leo

Leo katika majumba ya ghorofa ya Umoja na Kayole pazia limekuwa mlango wa chuma, lakini simu imetoboa tundu jipya. Mume na mke wakigombana, kijana wa chumba cha pili huwapiga picha, na kabla ya Isha picha imewafikia watu wasiowajua. Huyu amechungulia, kisha akawaita na wengine waje kuchungulia.

Na wazazi je? Wako wanaoichukua simu ya binti aliyekwisha baleghe, wakayasoma maneno yake mbele ya shangazi na majirani, kisha wakaita jambo hilo malezi. Binti aliyefedheheshwa hivi hatamwendea mama yake siku atakapofikwa na hatari ya kweli. Ataipeleka siri yake kwa mtu wa nje, na huenda mtu huyo ndiye hatari yenyewe.

Al-Ghazali ametaja katika Ihyaa kisa cha Sayyidna Umar alipopanda ukuta wa nyumba na kumkuta mwenyewe katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye ameasi jambo moja, na Umar mambo matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakutaka idhini wala kutoa salamu. Umar akamwacha kwa ahadi ya kutubia. Ikiwa Khalifa mzima alinyamazishwa kwa hoja hii, sisi ni nani?

Hatusemi kwamba mzazi si mchunga. Ikidhihiri alama ya hatari, kama mtoto kurubuniwa na mtu mzima, ni wajibu wake kuingilia. Lakini huingia ili kukinga, na alilolikuta hulisitiri.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Sisi tuliamrishwa hayo kabla ya katiba zote. Basi tushike matatu:

1. Simu ya mtu ni chumba chake. Usiifungue bila hodi.
2. Usimpige mtu picha katika aibu yake, na ikikufikia, ikomee kwako.
3. Mzazi amfundishe mtoto hodi kwa kumbishia yeye kwanza.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na majirani zetu. Amin. Wabillahi ttawfiq.