Mgeni Hupokea, Mgeni Pia Hutoa

Somo: Kutoka 18:1-27, Hesabu 10:29-32, Danieli 1:1-8



Kambini tumezoea kupokea. Tunapokea unga, maharage, sabuni, turubai. Mtu akipanga foleni miaka mingi, mwishowe anajiona kuwa mikono mitupu tu. Watoto nao wanarudi kutoka shuleni na lugha ya nchi iliyotupokea, nyimbo zake na salamu zake, na wazee wananung'unika: sisi tutabaki na nini? Swali hilo si dogo, wala tusiwacheke wazee.

Tumtazame Musa. Alisomeshwa elimu ya Wamisri (Matendo 7:22), kisha akakimbilia Midiani, akaoa huko, na mwanawe akamwita Gershomu, kwa kuwa alikuwa mgeni ugenini. Mkwewe Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, si Mwisraeli. Baada ya Waisraeli kutoka Misri, Yethro alimkuta Musa akiamua kesi za watu peke yake kutwa nzima. Akamwambia waziwazi kwamba kazi ya namna hiyo itamchosha yeye na watu pia. Achague watu waaminifu wa kusimamia watu elfu, mia, hamsini na kumi, na magumu tu ndiyo yamfikie yeye. Musa akasikia, akafanya hivyo. Hakuuliza mtu wa taifa lingine atamfundisha nini. Ninyi viongozi wa vijiji vya kambi mnaujua vizuri mpango huo!

Lakini angalieni: kabla Yethro hajatoa shauri, Musa alimsimulia yote Bwana aliyowatendea. Aliyekuwa mkimbizi naye alikuwa na cha kutoa. Na katika Hesabu 10 anamwomba Hobabu Mmidiani awaongoze jangwani, akimwahidi kushiriki mema yao.

Hata lugha tunayosali nayo imepita mikono mingi. Mungu, neno na mwokozi ni maneno ya Kibantu. Sala, imani, roho na dhambi yametoka Kiarabu. Waislamu wa pwani waliyatumia kabla hayajaingia kanisani kwetu. Injili lilianza kwa Kiyunani, likapitia Kiarabu. Meza, hata ile ya Bwana, ni neno la Wareno. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 ilimbidi ajifunze kwanza kwa wenyeji. Edward Steere wa Unguja alichapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na Waswahili. Agano Jipya likafuata mwaka 1879. Wengi waliowafundisha hao wageni hatuwataji kabisa tunapofungua Biblia, na hilo ni deni letu.

Je, tupokee kila kitu? Hapana. Danieli alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, hata jina jipya akapewa, lakini chakula cha mfalme alikikataa. Alijua mpaka wake uko wapi. Kwetu sisi, nadhani mpaka haupo kwenye lugha ya shule. Upo pale mtoto anapoona haya kumwitikia bibi yake kwa lugha ya nyumbani.

Juma hili, katika sala ya jioni nyumbani, kila mtu ataje jambo moja alilojifunza kwa majirani wenyeji, na jambo moja ambalo wao wamejifunza kwetu: labda kupika sombe, kushona, au wimbo wa kwaya. Watoto waanze, wazee wafuate.