Kabla ya Kuzamia, Angalia Mwezi

Jumamosi moja nikiwa mwaka wa pili, wanne tuliingia baharini pale Kunduchi na kayaki mbili za kuazima, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Safari ya kuelekea kisiwa cha Mbudya ilikuwa tamu mno, maji yenyewe yanatusukuma, tukajiona mabingwa wa kupiga kafi. Tulipofika kwenye matumbawe tukatupa kinanga kidogo, tukavaa miwani na mirija ya kupumulia, tukaruka. Baada ya dakika kumi nikainua kichwa. Kayaki ziko mbali kama urefu wa uwanja wa mpira, na tukiogelea kuzifuata, wala hatusogei. Mwenzetu mmoja akaanza kukohoa maji.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa ngalawa. Shikamoo yetu tulimpa tukiwa tumeng'ang'ania mrengu wa chombo chake. Akajibu, "Marahaba. Wanangu, mwezi wa jana usiku hamkuuona?"

Tuliuona. Ulikuwa mpevu, na tulipiga nao picha. Ila hakuna aliyejua kuusoma, na hilo ndilo somo la leo.

Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Dar tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, lakini maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote kwa 12: saa ya kwanza inaondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Sasa piga hesabu: yakianza kupwa saa kumi alfajiri, saa hizo mbili ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Sisi tuliondoka saa ngapi vile?

Kwa hiyo mgeni wa bahari achague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na azamie maji yanapokuwa yamesimama. Na kipindi cha kusi akumbuke kwamba mkondo wa pwani yetu, unaokwenda kaskazini, huwa na nguvu zaidi.

Njia za kufika ni tatu.

Ya kwanza ni kuingia kwa miguu kutoka ufukweni. Ni rahisi kwa mfuko wa mwanachuo. Vaa viatu, maana kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na usikanyage matumbawe. Bamvua ikipwa unaweza kutembea mbali sana kwenye mchanga. Geuka mapema, kwa sababu maji yakirudi yanaweza kupita kwenye mabonde nyuma yako kabla hujashtuka.

Ya pili ni boti. Hapa sheria ni moja: chombo kisibaki kitupu hata dakika moja. Nahodha abaki juu, injini izimwe watu wakiwa majini karibu nayo, na wazamiaji wahesabiwe kabla ya kuruka na kabla ya kuondoka. Kuhesabu kwa macho hakutoshi, kila mtu aitike jina lake.

Ya tatu ni kayaki. Hii ndiyo inayodanganya, maana unaenda kimya na unajiona huru, kumbe wewe ndiye nahodha, abiria na nanga. Ukishuka, kayaki uifunge kwa kamba na mmoja wenu aishike. Anza kuogelea kwa kupingana na mkondo, ili ukichoka ukurudishe kwenye chombo. Sisi tulianza kwa kuufuata. Na jaketi la kuokolea livaliwe njia nzima, si la kukalia.

Kwa wanaozamia na mtungi, mkondo una bei nyingine, na bei hiyo ni hewa. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na lile la hewa tuliyonayo juu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Ukiacha bar 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Tuseme juu unavuta lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 10 zinakuwa 40, una dakika 45. Kwenye mita 20 zinakuwa 60, una dakika 30. Ukipambana na mkondo ukahema mara mbili zaidi, hizo 30 zinakuwa 15. Na wakati wa kupanda usizuie pumzi kamwe: lita 4 za hewa mapafuni kwenye mita 10 hutaka kuwa lita 8 ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 kwenye mita 5. Mambo haya yanafundishwa na mwalimu mwenye cheti. Makala haya hayatoshi.

Jambo la mwisho. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Kuna kiingilio, na kuvua hakuruhusiwi. Matumbawe haya yamepitia baruti za wavuvi haramu na joto la bahari la mwaka 1998. Kombe zuri ulilookota liache palepale.

Bado tunakwenda, wote wanne, hata yule aliyekohoa. Ila zamani tukipanga safari swali la kwanza lilikuwa nani ana hela. Siku hizi tunauliza kwanza: leo mwezi una siku ngapi?