Mas'ala ya Kuuza Nyumba Pasipo Dalali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya haya: miongoni mwa mambo yaliyokithiri maulizo katika miji ya pwani, na khasa Mombasa, ni hili la mtu mwenye nyumba ya kuuza: je, amtwae dalali, au auze kwa mkono wake? Wengi hulijibu kwa hasira, kwa kuwa walipata kudhulumiwa na dalali. Na wengine hulijibu kwa uvivu, kwa kuwa hawapendi kusumbuka. Walakini jambo lenyewe lina hesabu yake na lina fiqhi yake.

Yapasa ijulikane kwanza kuwa udalali si haramu. Imamu Bukhari amepokea ya kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Na wafanya biashara wa Madina walikuwa wakiitwa kwa jina la madalali mpaka Mtume (s.a.w.) akawapa jina lililo bora kuliko hilo, akawausia waichanganye biashara yao na sadaka, kwa sababu ya viapo na maneno ya upuuzi yaingiayo ndani yake. Basi amwitaye kila dalali mwizi amevuka mpaka. Lakini vilevile hapana sharti katika sharia kuwa nyumba haiuzwi ila kwa dalali. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 1984, imtakayo mwenye kufanya kazi ya udalali wa nyumba na ardhi awe ameandikishwa, haimzuii mtu kuuza mali yake mwenyewe.

Na wako wanaochanganya dalali na wakili wa sheria. Dalali hutafuta mnunuzi. Wakili huandika hati na kusimamia uhamisho wa milki. Aliyemwacha wa kwanza hana budi na wa pili, kwani sheria ya Kenya yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwapo. Na hili si geni kwa Waislamu, ambao aya ya 282 ya Suratul Baqara imewaamrisha kuandika madeni na kushuhudisha wauzianapo.

Sasa ichukuliwe nyumba ya shilingi 6,000,000, aliyoiacha marehemu kwa mjane, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, baada ya kulipwa madeni na wasia. Mafungu ni 48: mjane 6, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Basi mjane ana shilingi 750,000, kila kijana 1,750,000, na kila binti 875,000. Dalali akitaka 3 katika mia, ujira wake ni 180,000, na katika hizo mjane peke yake atatoa 22,500 na kila binti 26,250. Kaka mkubwa akipatana na dalali bila ya kuwauliza hawa, amewatolea mali yao pasipo idhini yao. Na akiuza nyumba nzima bila ya kuwakilishwa nao, basi katika madhehebu ya Shafii mauzo ya mafungu yao hayasihi, kwa kuwa ameuza asichomiliki. Jambo hili latokea kila mwaka, nalo ndilo liwafikishalo ndugu wa tumbo moja mbele ya Kadhi.

Na huyo kaka akisema, "Hapana haja ya dalali, nitauza mimi," amekuwa wakili wa wenziwe. Hukumu ya wakili ni kuwa asiuze chini ya thamani ya mfano wake, wala asijiuzie nafsi yake, wala asitwae ujira ambao haukushurutishwa tangu mwanzo. Akichukua shilingi 180,000 kimya kimya kwa kuwa "kazi ya dalali nimeifanya mimi", amekula mali ya mamaye na nduguze.

Ama faida ya kuacha dalali, haipimwi kwa ujira uliookolewa tu. Mwenye kuuza kwa 5,600,000 nyumba ya 6,000,000, kwa kutojua bei, ameokoa 180,000 na kupoteza 400,000. Basi asiyejua bei ya mtaa wake aanze kwa mthamini aliyeandikishwa, amlipe ujira wake, na aulize nyumba za jirani zimeuzwaje kweli, si zimetajwaje barazani. Aliye na mnunuzi tayari, jirani au jamaa, haja yake ya dalali ni ndogo. Aliye Maskati au Uingereza, na nyumba iko Kuze, haja yake ni kubwa zaidi, na khatari yake pia.

Na anayemtwaa dalali amtajie ujira kwa kiasi kijulikanacho. Ibn Abbas alijuzisha kuambiwa mtu, "Uza kwa kadha, kinachozidi ni chako," lakini wanazuoni wengi hawakukubali, kwa kuwa ujira huo haujulikani. Ama kile kiitwacho "cha juu", dalali akaambiwa milioni sita na yeye akamtajia mnunuzi milioni sita na nusu kwa siri, hiyo ni khiana wazi; ziada ni ya mwenye nyumba.

Lakini auzaye mwenyewe asidhani amesalimika na makosa ya madalali. Akimpanga rafiki yake aje kutaja bei kubwa mbele ya mnunuzi, hali hana nia ya kununua, hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume. Na aibu za nyumba yampasa azitaje: boriti zilizoliwa na mchwa, ukuta unaotoka chumvi, maji ya jirani yenye haki ya kupita uani. Akizificha, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Na Mombasa kuna aibu kubwa kuliko mchwa: nyumba isiyo na ardhi, ambayo mwenyewe ana kuta tu na hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kuuza kuta kwajuzu, bali mnunuzi aambiwe kuwa ni kuta anunuazo.

Katika arbuni kuna hitilafu. Kwa Mashafii, kushurutisha kuwa fedha za kwanza zitapotea mnunuzi akighairi, hakusihi. Kwa Mahanbali kwajuzu. Mwenye kufuata madhehebu yake aandike kuwa fedha hizo ni sehemu ya bei, zitarudi mauzo yakivunjika. Na asisahau kodi ya faida, ambayo Kenya tangu Januari 2023 ni 15 katika mia ya faida, nayo humlazimu muuzaji. Ila nyumba aliyoikaa mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza imesamehewa. Mke aishiye katika nyumba hiyo, ridhaa yake yatakiwa na sheria, hata hati iwe na jina la mume peke yake.

Lasalia swali moja. Mtu amemtwaa dalali, dalali akamleta mnunuzi, kisha wawili hao wakaonana usiku na kuuziana, ili ujira usilipwe, asubuhi dalali akaambiwa, "Tumeamua kutouza." Huyo hakuuza pasipo dalali, ameuza kwa dalali na kumdhulumu. Mwenye kuvunja mapatano ya ji'ala baada ya kazi kuanza, hulazimika kumlipa mfanya kazi ujira wa mfano wake, yaani kile wanachopewa wenzake kwa kazi kama ile, na deni hilo humfuata hata nyumba ikiwa imekwisha kuandikwa kwa jina la mwingine.