Maradhi ya Misuli kwa Watoto wa Kiume

Mzazi amwonaye mwanawe wa miaka mitatu au minne akiinuka mkekani kwa kujishika magoti, kisha mapaja, kana kwamba anaukwea mwili wake mwenyewe, ilhali machafu ya miguu yamenenepa hata majirani wakayasifu, asidhani ni uvivu wala asitafute aliyemroga. Huenda ni maradhi yaitwayo kwa jina la Duchenne, tabibu wa Kifaransa aliyeyaeleza katika miaka ya 1860.

Unene ule si nguvu, bali ni mafuta na makovu yaliyoshika mahali pa misuli iliyokufa. Misuli hiyo hufa kwa kukosa distrofini, protini iliyotambuliwa mwaka 1987, ambayo huihifadhi isichanike kila inapojikaza, na jeni iamrishayo kutengenezwa kwake imo katika kromosomu ya X. Mwanamke anazo mbili, hata moja ikiharibika ya pili aghalabu humtosha. Mwanamume anayo moja tu, tena ya mamaye. Hapo ndipo mawifi hupata la kusema, nao hawana haki, kwani hakuna achaguaye urithi wake, na takriban theluthi ya watoto hawa dosari yao imezuka upya, mama hanayo kabisa. Aliye nayo, kila mwana wa kiume amzaaye yumo katika hatari nusu kwa nusu, na kila binti vivyo hivyo huweza kuirithi. Basi dada na makhalati nao wapimwe, na mwenye dosari achunguzwe moyo hata akijiona mzima.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kutazama kimeng'enya kivujacho kutoka misulini. (Vimeng'enya vya ini navyo hupanda, na wapo watoto waliotibiwa ini lisilo na ugonjwa.) Kipimo cha jeni ndicho kionyeshacho kipande gani kimepotea, na faida yake si udadisi: dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 huwafaa wenye mapengo maalumu tu, tena bei yake haisemeki. Prednisoloni, iliyo rahisi, haiponyi, lakini humwongezea mtoto muda wa kutembea; isikatizwe ghafla, na vifundo vya miguu vinyooshwe kila siku.

Akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, mwambieni mtoa nusukaputi mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa zake huweza kuusimamisha moyo wa mtoto huyu.