Alishuka Madaraja, Akapokea Daraja Takatifu



Wapendwa vijana, somo la leo linatoka uwanjani. Sisi mafrateri kuna kauli tumeshaizoea mtaani: "Maisha yamemshinda huyo, ndo maana kakimbilia seminari." Wengine wanatania, wengine wanamaanisha kabisa. Sasa kijana anayehisi wito akisikia hivyo, anabaki na swali zito moyoni: je, Mungu huwaita walioshindwa tu? Na mimi nikiitika, si nitaonekana nimekimbia?

Tulitazame swali hilo katika maisha ya Philip Mulryne.

Kiungo kutoka Belfast

Mulryne alizaliwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1978. Akiwa kijana mdogo alichukuliwa na Manchester United, na mwaka 1995 alikuwa katika timu yao ya vijana iliyobeba Kombe la FA la Vijana. Hebu fikiria: una miaka 17, uko United, mbele yako kumenyooka. Lakini katika kikosi cha kwanza alicheza mechi moja tu ya Ligi Kuu. Machi 1999 akauzwa Norwich City, timu ya daraja la pili, kwa pauni 500,000. Mwaka huohuo akavunjika mguu.

Alipopona alirudi, akawa kiungo wa kutegemewa. Aliichezea Norwich zaidi ya mechi 150 za ligi na kuvaa jezi ya taifa lake mara 27. Mei 2002 Norwich walifika fainali ya kuwania kupanda Ligi Kuu dhidi ya Birmingham City. Dakika 120 ziliisha kwa sare ya 1-1, zikaja penalti. Mulryne alikosa yake, na Norwich wakabaki walipokuwa. Miaka miwili baadaye walipanda wakiwa mabingwa, ila mwaka 2005 wakashuka tena, naye akaondoka.

Mwaka huohuo alirudishwa nyumbani kutoka kambi ya timu ya taifa kwa sababu za nidhamu. Siku chache baadaye wenzake waliifunga Uingereza 1-0 mjini Belfast, yeye hayumo. Katika Cardiff City alicheza mechi za kuhesabika. Akaenda Leyton Orient, daraja la tatu. Akamalizia King's Lynn, timu ambayo haikuwa hata ndani ya madaraja manne ya juu. Akatundika daluga akiwa na miaka thelathini hivi.

Swali la Mtakatifu Thoma

Mulryne alirudi kwao, akaanza tena kuhudhuria Misa na kuwahudumia watu wasio na makazi. Mwaka 2009 akaingia malezi ya upadre. Alisoma falsafa Belfast na teolojia Roma, na mwaka 2012 akaanza unovisi katika Shirika la Wadominiko. Tarehe 8 Julai 2017, katika kanisa la Wadominiko jijini Dublin, Askofu Mkuu Augustine Di Noia alimpa upadre.

Shirika hilo ndilo la Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa, Thoma anauliza heri ya mwanadamu iko wapi, kisha anapita kimoja kimoja: mali, heshima, sifa, mamlaka, afya ya mwili, anasa. Kila kimoja anakipima na kukiweka pembeni. Angalieni vizuri: hasemi kwamba mali ni mbaya au afya ni dhambi. Anasema ni vitu vyema, ila haviwezi kuwa kikomo cha safari. Heshima inakaa kwa anayekuheshimu, na kesho anaweza kuichukua. Mwili unavunjika.

Mchezaji wa mpira anaweza kuisoma orodha hiyo kwa magoti yake mwenyewe. Na wewe pia, hata kama hujawahi kupiga penalti: matokeo ya mtihani, mchumba, wafuasi mtandaoni. Vyema vyote. Lakini je, vikiondoka, unabaki nani?

Basi, alikimbia?

Kwanza, tuhesabu miaka. Kutoka 2009 hadi 2017 ni miaka minane ya malezi, mingi kuliko aliyokaa Norwich. Anayekimbia mvua hujibanza chini ya paa la karibu. Hachagui nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa baada ya miaka minane, na katikati wakubwa wanaweza kumwambia, "Ndugu, hapa si pako."

Pili, mkumbukeni mwana mpotevu. Njaa ilimwamsha, sawa. Lakini njaa peke yake ingempeleka kwa tajiri mwingine akaombe kazi. Kilichomgeuza njia ni kumkumbuka baba yake. Kushindwa hakumwiti mtu. Kunapunguza kelele tu ili sauti iliyokuwepo tangu mwanzo isikike. Kwa hiyo ukiona wito wako umesikika baada ya jambo fulani kuvunjika, usiuonee aibu. Jiulize tu kama unamkumbuka Baba, au unatafuta tu pa kula.

Tatu, Kiswahili chetu kinatufundisha. Tunasema timu imepanda daraja, na tunasema mtu amepokea Daraja Takatifu. Daraja la uwanjani unalipanda kwa kuwashinda wengine. Hili jingine unalipokea baada ya kulala kifudifudi sakafuni, huku wote wakikuombea kwa litania ya watakatifu. Aliyewahi kuwa bingwa na aliyeshushwa daraja wote wanalala vilevile.

Tujitafakari

1. Ni kitu gani chema ambacho mimi nimekigeuza kuwa kikomo cha safari yangu?
2. Kilipovunjika kitu nilichokitegemea, nilisikia nini?
3. Kama ninahisi wito, nimeshamshirikisha paroko wangu au mlezi wa miito, au bado ninaogopa maneno ya mtaani?

Sala: Ee Bwana, utupe moyo wa kushukuru tunapopanda, na sikio la kukusikia tunaposhuka. Utufanye tukutafute Wewe kwanza, na mengine yote tuyapende kwa ajili yako. Amina.

Tuombeane. Kristo, tumaini letu!