Kupunguza Mafuta na Kujenga Misuli: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Kopo

Je, yawezekana mtu kupunguza mafuta ya mwili na wakati huo huo kujenga misuli? Jibu ni ndiyo, ingawa si kwa kasi ileile kwa watu wote. Tunalitanguliza jibu hili kwa sababu, kuanzia Tegeta hadi Mbagala, poda, vidonge na chai za "kukata tumbo" huuzwa kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani pasipo kununua kitu. Mlaji anayeiamini hoja hiyo hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza afya.

Mafuta ni akiba ya nishati. Misuli hujengwa kwa protini. Hakuna kimoja kinachogeuka kuwa kingine, japokuwa vijiweni husikika kwamba kitambi "hugeuzwa" kuwa kifua. Mtu anapokula nishati pungufu kidogo kuliko anayotumia, mwili hufungua akiba yake ya mafuta. Akiifanyisha misuli kazi nzito na kuipatia protini ya kutosha, misuli huweza kujengeka hata katika kipindi hicho cha upungufu. Wanaonufaika zaidi ni wanaoanza mazoezi, wanaorejea baada ya kuyaacha kwa muda mrefu, na wenye mafuta mengi ya ziada. Mwembamba aliyebobea katika kunyanyua vyuma asitarajie makubwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi. Kwa majuma manne walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 na kufanya mazoezi makali. Waliopewa protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku walipoteza wastani wa kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Waliopewa gramu 1.2 walipoteza kilo 3.5 za mafuta, lakini misuli yao haikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Ni kweli kwamba sehemu ya protini hiyo ilitoka katika vinywaji maalumu vya maziwa. Hata hivyo, mwili hauulizi protini imetoka kopo gani. Wala hatumshauri msomaji kuiga ukali wa jaribio lile, lililosimamiwa na wataalamu.

Kwa mtu mwenye afya njema anayefanya mazoezi, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito zatosha. Mwenye kilo 70 atahitaji gramu 112 kwa siku. Mayai matatu humpa 18. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa humpa 30, na gramu 50 za dagaa wakavu 30 nyingine. Nusu lita ya mtindi humpa kama 17, na ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi 16. Jumla ni 111, na vyote hivyo hupatikana katika soko la Tandika au genge lolote la mtaani. Karanga nazo zina protini, lakini mafuta yake ni mengi, hivyo ziliwe kwa kiasi. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini pasipo ushauri wa daktari.

Upungufu wa nishati usizidi kilokalori 300 hadi 500 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban 120. Soda ya mililita 500 yakaribia 200. Kuhusu mazoezi, vyuma vya saruji vilivyomiminwa katika makopo hufanya kazi sawa na vya kununua, mradi uzito uongezwe hatua kwa hatua na misuli ipumzishwe.

Mizani peke yake hudanganya. Aliyepoteza kilo mbili za mafuta na kuongeza kilo moja ya misuli ataona kilo moja tu imepungua, akate tamaa, kisha atafute vidonge. Futi ya fundi cherehani, ikizungushwa kitovuni asubuhi moja kila juma, humweleza ukweli zaidi.

Kabla ya kulipa

Anayetaka poda kwa urahisi wake hatumkatazi, ila apige hesabu: agawanye bei kwa jumla ya gramu za protini zilizoandikwa kwenye lebo. Afanye vivyo hivyo kwa trei ya mayai 30, yenye takriban gramu 180. Ajihadhari pia na poda za kuongeza uzito, ambazo aghalabu huwa na wanga na sukari nyingi kuliko protini. Kwa anayepunguza mafuta, hiyo ni bidhaa isiyomfaa.

Tangu Julai 2019, usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na iliyokuwa TFDA imekuwa TMDA, inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Muuzaji anayetegemea jina la TFDA kama uthibitisho aulizwe kopo hilo limekaa rafuni tangu lini. Poda iliyopimwa na kufungwa upya katika mfuko usio na lebo isinunuliwe hata kidogo.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa bidhaa "za asili" zinazoahidi matokeo ya haraka. Katika nchi mbalimbali, bidhaa za namna hiyo zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu. Sindano na vidonge vya kukuza misuli navyo mara nyingi huwa ni homoni, ambazo zaweza kudhuru ini na kuharibu uzazi wa mwanamume.

Dai risiti na uitunze pamoja na kopo. Iwapo moyo utaenda mbio, macho yatageuka manjano au mkojo utakuwa mweusi, acha kuitumia bidhaa hiyo mara moja na uende kituo cha afya ukiwa na kopo lenyewe, hata kama limebaki tupu.